Anayeshika ufunguo wa ruta ya nyumbani

Mtu akilipia maji ya mfereji, kampuni ya maji haimchagulii ndoo ya kuyakingia. Akilipia umeme, hakuna afisa anayefika nyumbani kumwamuru anunue pasi ya aina gani. Lakini akilipia intaneti ya nyumbani, mara nyingi hukabidhiwa kisanduku asichokichagua, chenye maneno ya siri asiyoyatunga yeye, na ufunguo mkuu wa kisanduku hicho ukabaki ofisini kwa aliyemuuzia huduma. Jambo hili limezoeleka hata halionekani tena kuwa jambo. Nakusudia kulijadili leo kwa sababu linawagusa walimu na wanafunzi kuliko wanavyodhani, na kwa sababu sehemu kubwa ya tatizo lenyewe, kama nitakavyojaribu kuonyesha, ni tatizo la lugha.

Hapana haja ya kueleza kwa kirefu jinsi intaneti ilivyoingia katika kazi ya ualimu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa korona, zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2021, ndipo wengi walipoiona tofauti kati ya nyumba yenye mtandao na nyumba isiyo nao. Siku hizi mwalimu huingiza alama za wanafunzi wake katika tovuti ya Baraza la Mitihani akiwa sebuleni, na hujaza fomu za tathmini za Tume ya Huduma za Walimu akiwa papo hapo. Mwanafunzi wa chuo huomba mkopo kwa mtandao, husoma makala kwa mtandao, na humpelekea mhadhiri kazi yake kwa mtandao. Katika nyumba za kupanga za Juja au Rongai si ajabu kukuta vijana wanne watano wakichanga malipo ya mwezi na kutegemea kisanduku kimoja kilichotundikwa nyuma ya mlango. Kisanduku hicho kikigoma, kazi ya watu watano husimama. Inafaa basi tukijue.

Intaneti tunayoizungumzia hutoka mbali. Hadi mwaka 2009 nchi yetu ilitegemea zaidi setilaiti kuwasiliana na mitandao ya ng'ambo, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kobe. Mwaka huo nyaya mbili za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, na nyingine zikafuata. Ndani ya nyaya hizo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazobeba habari kwa njia ya mwanga. Nyuzi za aina iyo hiyo zimeendelea kutandazwa chini ya barabara na juu ya milingoti hadi kufika mitaani kwetu, na mwishowe uzi mmoja huingia nyumbani kwa mteja kupitia tundu lililotobolewa ukutani.

Hapo ukutani ndipo pa kuangaliwa. Kompyuta na simu zetu haziuelewi mwanga wa uzi huo. Panahitajika kwanza chombo cha kuugeuza mwanga kuwa umeme, na umeme kuwa mwanga. Hicho, kwa kukosa jina lililokubaliwa, nitakiita kigeuza nuru. Kisha panahitajika chombo cha pili, ruta, ambacho hupokea mkondo huo mmoja na kuwagawia watu wote wa nyumbani, kwa waya au kwa mawimbi ya Wi-Fi, kikijua ujumbe upi ni wa simu ya mama na upi ni wa kompyuta ya mtoto. Kazi ni mbili. Kampuni nyingi huzitia ndani ya kisanduku kimoja, na mteja akadhani ni kazi moja.

Kuzitofautisha kazi hizo si ushindani wa maneno matupu. Kigeuza nuru ni sehemu ya mtandao wa kampuni. Mitambo yake hukitambua kwa nambari maalumu, na mteja hawezi kununua kingine dukani, akakichomeka na kutarajia kipokelewe kabla ya kampuni kukisajili. Ruta ni habari nyingine. Hiyo iko upande wa ndani wa mlango, pamoja na viti na meza. Maadamu kigeuza nuru kinaweza kuupitisha mkondo bila ya kuuingilia, hakuna sababu ya kiufundi ya kumlazimisha mteja atumie ruta ile ile aliyoletewa na fundi.

Pengine msomaji atauliza: mtu atake ruta yake mwenyewe kwa nini, na hali amekwisha kupewa moja? Sababu ya kwanza ni nyumba zenyewe. Visanduku vinavyotolewa aghalabu ni vya bei nafuu, na mawimbi yake hutosha chumba kimoja au viwili. Nyumba zetu ni za mawe. Kuta za kale za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, ni nene mno. Mawimbi ya gigahazi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, hudhoofika ukutani upesi kuliko yale ya gigahazi 2.4, ambayo nayo, ijapokuwa hufika mbali, yamejaa zogo la majirani. Mwenye ruta yake huweza kununua inayolingana na nyumba yake, akaiweka katikati badala ya pembeni pale uzi ulipoingilia. Sababu ya pili ni mwendelezo: mtu akihama kutoka kampuni moja hadi nyingine, vifaa vyote vya nyumbani hubaki na jina lile lile la mtandao na neno lile lile la siri, bila ya kuzunguka na kila simu na kila kompyuta. Sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni usalama.

Mnamo Oktoba 2016 huduma nyingi mashuhuri za intaneti zilikatika kwa saa kadhaa, hasa nchini Marekani, kwa sababu kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizielekeza anwani zao, ilishambuliwa na jeshi la vifaa vidogo vidogo: kamera za ulinzi, vinasa video na ruta za nyumbani. Programu iliyoliongoza jeshi hilo iliitwa Mirai. Mbinu yake ilikuwa ya aibu kwa wepesi wake. Ilibeba orodha ya takriban majina na maneno ya siri 60 yaliyotiwa na watengenezaji kiwandani, ikavijaribu vifaa kimoja baada ya kingine, na vilivyokuwa vimeachwa na maneno hayo vikatii. Wenye vifaa hawakujua lolote. Walikuwa wamelala au wanakula, na kisanduku chao kikipigana vita visivyowahusu.

Naja sasa kwenye kazi yenyewe ya kuiweka ruta, ambayo si ngumu kama inavyotishwa. Mtu huchukua waya wa mtandao, akauchomeka upande mmoja katika kigeuza nuru na upande wa pili katika tundu la ruta lililotengewa mkondo wa nje. Aghalabu tundu hilo lina rangi yake peke yake. Halafu huiunganisha simu au kompyuta na ruta hiyo mpya, akafungua kivinjari na kuandika anwani iliyochapwa chini ya ruta, mathalan 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukurasa wa mipangilio utafunguka. Hapo ndipo linapokuja swali kuu, ambalo halijibiwi na karatasi yoyote iliyomo katika boksi la ruta: kampuni humtambuaje mteja wake?

Kampuni nyingine humpa anwani yeyote aombaye kutoka kwenye uzi ule, na hapo mteja hana la kufanya ila kuchagua DHCP na kusubiri dakika mbili. Nyingine hutaka jina la mtumiaji na neno la siri, kwa utaratibu uitwao PPPoE, na bila ya mawili hayo ruta itabisha hodi hadi kesho isifunguliwe. Nyingine huongeza nambari ya VLAN, ambayo ni mfano wa nambari ya njia ndani ya barabara kuu. Ukiikosea, ujumbe wako huenda usikopokelewa. Nyingine nazo hukumbuka anwani ya MAC, yaani nambari ambayo kila kifaa huzaliwa nayo kiwandani, zikakikataa kifaa kigeni hadi mteja apige simu, ile ya zamani ifutwe, au aiagize ruta mpya ijitambulishe kwa nambari ya ile ya zamani. Haya yote ni mambo ya kujazwa katika ukurasa mmoja kwa dakika kumi. Anayeyajua humaliza kabla ya chai kupoa. Asiyeyajua atashinda kutwa nzima, na kosa si lake.

Kuna tatizo jingine linalowasumbua wengi wasijue linaitwaje. Iwapo kisanduku cha kampuni ni kigeuza nuru na ruta kwa pamoja, basi mteja akiongeza ruta yake anakuwa na ruta mbili zinazofuatana, kila moja ikijidai bawabu. Kurasa za kawaida zitafunguka, ila michezo ya mtandaoni, kamera za ulinzi na baadhi ya huduma za kuingilia kompyuta ya nyumbani kutoka mbali zitalegalega. Na kama mabawabu wote wawili wanatumia safu moja ya anwani, tuseme ile ya 192.168.1, hata kurasa huenda zisifunguke. Dawa ni kuiomba kampuni ikigeuze kisanduku chake kiwe daraja tupu, kipitishe mkondo bila ya kuuhoji. Ama sivyo, mteja aiagize ruta yake iache ubawabu na ibaki msambazaji wa mawimbi tu. Hata Starlink, iliyoanza kutoa huduma Kenya Julai 2023 kwa njia ya setilaiti, humruhusu mteja kuiweka kando ruta yake na kuleta ya kwake. Hilo linathibitisha kwamba jambo linawezekana, penye nia.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona suala hili kwa jicho la fani yangu. Niliwahi kuipigia simu kampuni moja, ambayo sina haja ya kuitaja, nikaomba jina la mtumiaji na neno la siri la laini ya nyumbani kwangu. Binti aliyepokea simu, kwa adabu zote, aliniuliza: "Mwalimu, umesahau paswadi ya Wi-Fi?" Nikamwambia la, hiyo ninayo. "Basi unataka paswadi ya kuingilia kwenye mashine?" Nikamwambia la, hata hiyo ninayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema paswadi ni hizo mbili tu, hakuna nyingine. Tulizungushana hivyo kwa muda. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na neno moja kwa vitu vitatu, na lugha ya namna hiyo haimruhusu mtu kuuliza swali lake, seuze kujibiwa.

Milango hiyo mitatu yafaa ielezwe. Wa kwanza ni wa Wi-Fi: huo ndio ufunguo unaompa mgeni akija kukutembelea. Wa pili ni wa ruta yenyewe: mwenye ufunguo huo huweza kubadilisha kila kitu, ukiwamo ule wa kwanza, na hata kuyaelekeza maombi yako ya tovuti ya benki kwenye tovuti bandia. Wa tatu ni wa laini, ule unaokutambulisha wewe kwa kampuni. Wa kwanza hubadilishwa mara kwa mara; wa pili haupewi mtu; wa tatu, kwa desturi zetu, hata mwenye nyumba hapewi. Nimeona nyumba nyingi ambamo wa kwanza umelindwa kama yai na wa pili umeachwa kama ulivyotoka kiwandani, kwa kuwa wenyeji wanaamini "paswadi" wamekwisha kuibadilisha. Walibadilisha, ila ya mlango mwingine.

Wenzangu wa fani watakumbuka mjadala wetu usiokwisha wa nywila, nenosiri na neno la siri. Tumegombana kwa miaka lipi ni sanifu zaidi, jinsi tulivyogombana juu ya tarakilishi na kompyuta. Mimi naona tulikuwa tukipimana misuli penye njaa. Mteja hakuhitaji visawe vitatu vya kitu kimoja. Alihitaji majina matatu ya vitu vitatu. Nywila ya Wi-Fi, nywila ya ruta, nywila ya laini: ukisema hivyo, yule binti wa simu na mimi tungalielewana kwa nusu dakika.

Na ruta je? Wapo wanaopendelea kipanga njia, na kwa hakika ni neno lililoundwa vizuri, kwa kanuni ile ile iliyotupa kifungua mkebe na kinasa sauti. Sina ugomvi nalo, ingawa mtoto wa pwani akisikia kipanga kwanza atatazama juu kumwangalia ndege anayenyemelea vifaranga. Ruta nayo imejiingiza yenyewe katika ngeli ya I-ZI bila ya kumwomba mtu ruhusa, ikaungana na redio na kompyuta, na sioni cha kuifukuzia. Wanaohofia maneno ya kigeni wakumbuke kwamba Wi-Fi lenyewe ni neno lisilokuwa na maana hata kwa wenyewe. Wengi hudhani ni ufupisho wa maneno fulani. Si ufupisho. Kiwango cha kiufundi kiliitwa 802.11, jina lisilouzika, na mwaka 1999 kampuni ya kubuni majina ya biashara, Interbrand, ikalipwa kutafuta jina jingine. Likapatikana hilo, tupu lakini jepesi kutamkika, na dunia nzima ikalipokea.

Lugha inaweza kufanya zaidi ya kutaja kifaa. Inaweza kulitaja dai. Tuchukue mfano wa Ujerumani, ambao naupenda kwa sababu mbili. Huko nako kampuni zilikuwa zikimlazimisha mteja atumie ruta yao, na nyingine zikimficha maneno ya kujiunganishia. Wajerumani wakalipa tendo hilo jina: Routerzwang, yaani shurutisho la ruta. Wakaliita walilolitaka Routerfreiheit, uhuru wa ruta. Maneno mawili, kila moja limeunganishwa kwa kanuni za kawaida za lugha yao, na mzee asiyejua kompyuta akayaelewa mara tu alipoyasikia gazetini. Mjadala ulihama kutoka kwa mafundi ukafika bungeni, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 2016. Sheria hiyo ilisema mtandao wa kampuni unakomea kwenye kituo cha ukutani, na ya baada ya hapo ni ya mteja. Kilichonivutia zaidi ni kifungu kingine: kampuni impe mteja maneno ya kujiunganishia kwa maandishi, bila malipo, siku ya kufunga mkataba, hata kabla hajaomba.

Wajerumani hawakuwa wa kwanza. Marekani ililiamua jambo la ukoo huo mwaka 1968, katika kesi ya kifaa kilichoitwa Carterfone, pale tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipokubali kwamba mteja anaweza kuunganisha chombo chake mwenyewe katika laini ya simu, mradi hakiudhuru mtandao. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni zake za mwaka 2015, ulitambua haki ya mtumiaji kutumia kifaa akipendacho. Uholanzi na Italia zikafuata kwa taratibu zao.

Sisi tuna nini? Tunacho kitu, na si kidogo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Kifungu cha 7 cha Katiba iyo hiyo kinaifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sidai kuwa mwanasheria. Lakini msomaji yeyote akiviweka vifungu hivyo viwili sambamba ataona ninakoelekea. Jina la mtumiaji, neno la siri la laini, nambari ya VLAN na habari ya kama MAC imefungwa au haikufungwa, hayo yote ni maelezo ambayo bila ya kuwa nayo mteja hafaidiki kikamilifu na huduma anayoilipia. Yangeweza kuchapwa katika karatasi moja, kwa Kiswahili, na kukabidhiwa pamoja na risiti ya kwanza. Gharama yake ni ya wino. Ningependa Halmashauri ya Mawasiliano ilifanye sharti.

Najua kampuni zitajibuje, na majibu mengine yana uzito. Watasema mteja akileta ruta mbovu kisha intaneti ikasuasua, lawama zitawaangukia wao. Ni kweli. Fundi ametumwa kutoka mjini, amepanda ngazi za ghorofa nne, akakuta ruta iliyookotwa mahali, na kosa limo humo. Kwa hiyo ni haki kampuni kumwambia mteja: kabla hujatuita, rudisha kisanduku chetu kwa dakika tano, ujaribu, kikifanya kazi, shida ni ya ruta yako. Mwenye kutaka uhuru huo na akubali mzigo wake, na asikitupe kile kisanduku cha awali.

Watasema pia kwamba ruta za mitaani si salama. Hapo nakubaliana nao nusu. Ukipita Luthuli, Nairobi, utauziwa ruta ya kila aina, mpya na ya mtumba, na nyingine zilizokwisha kufungwa na kampuni ya awali hata zikawa hazina faida kwa mwingine. Mnunuzi aulize kama kifaa kimeidhinishwa na Halmashauri ya Mawasiliano. Aulize pia, na hili ni muhimu kuliko rangi na idadi ya antena, kama mtengenezaji bado anatoa masahihisho ya programu ya ndani ya ruta hiyo. Ruta isiyopata masahihisho ni nyumba ambayo fundi wa kufuli amekufa.

Lakini ile nusu ya pili siikubali. Ruta ya kampuni nayo si salama kwa kuwa tu ni ya kampuni. Kampuni hujiachia mlango wa nyuma wa kuisimamia kutoka mbali, na mlango huo una faida zake, kwani huisaidia kurekebisha hitilafu bila ya kumtuma mtu. Mwishoni mwa Novemba 2016, nchini humo humo Ujerumani, programu ya ukoo wa Mirai ilikwenda kubisha mlango wa namna hiyo katika ruta za wateja wa Deutsche Telekom. Haikufaulu kuziteka, ila ruta zilizidiwa zikakwama, na takriban wateja 900,000 wakakosa huduma. Walipoulizana kosa lilikuwa la nani, hakuna mteja aliyeweza kulaumiwa. Hakuna aliyekuwa ameuona mlango huo, seuze kuuacha wazi.

Yapo mambo ambayo mwenye ruta, iwe yake au ya kampuni, huweza kuyafanya jioni moja. Nywila ya ruta aibadilishe kwanza, kabla ya ile ya Wi-Fi. Achague ulinzi wa WPA3, uliotoka mwaka 2018, au WPA2 kama vifaa vyake ni vya zamani, na asikubali chochote kilicho chini ya hapo. Afunge WPS, ile njia ya mkato ya kujiunganisha kwa nambari ya tarakimu nane. Ubovu wake ulitangazwa mwaka 2011, na wanafunzi wa hisabati wataufurahia: ruta huikagua nambari hiyo kwa mafungu mawili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikishia tu, hivyo badala ya majaribio milioni 100 mwizi anahitaji yasiyozidi 11,000. Vijana wa Juja na Rongai wanaochanga malipo nawasihi wawe na mtandao wa wageni kando na wao, maana rafiki wa rafiki akishapewa nywila ya nyumba, mtaa mzima unayo.

Walimu wa Kiswahili nina neno nao. Silabasi zetu zina uandishi wa maelekezo, na kwa miaka mingi mifano yake imekuwa upishi wa ugali na namna ya kufika kituo cha polisi kutoka sokoni. Hakuna ubaya. Hata hivyo, sekondari na vyuoni mpate mkondo mmoja wa masomo ambao wanafunzi watapewa ruta halisi, ile ya zamani iliyolala kabatini katika maabara ya kompyuta, waiandikie maelekezo ya kuiweka, kwa Kiswahili tu, yatakayomwezesha mama wa mmoja wao kuifanya kazi hiyo bila ya kumwita mtu. Watagundua kwamba kila sentensi inadai neno, na kila neno linadai uamuzi: mkondo wa nje uitweje, tundu lipi ni lipi, "kuungana" na "kuingia" vina tofauti gani. Mwalimu asiwape orodha ya istilahi mwanzoni. Awaache wahangaike, wabishane, kisha ndipo wafungue kamusi waone wakubwa wao walisemaje.

Nami ningefurahi kuyasoma watakayoyaandika. Nina hamu hasa ya kujua watakipa jina gani kile chombo cha kwanza pale ukutani, kwa maana kigeuza nuru ni langu tu, nimelitunga nikiandika makala haya, na tayari naona lina sauti ya mganga zaidi ya fundi.